Mateka wa Karema: Historia ya Mji wa Ziwani na Suala la Kufu katika Ndoa

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Suala lililotufanya tuandike makala hii limetufikia kutoka Litapunga, katika mkoa wa Katavi. Kijana wa Kiislamu, anayesali na mwenye tabia njema, amepeleka posa. Binti ameridhia na mama yake ameridhia. Walii, ambaye ni baba mdogo wa binti kwa kuwa baba mzazi ameshafariki, amekataa. Hoja yake ni kuwa bibi wa bibi yake kijana alikuwa "mateka wa Karema", yaani mtoto aliyenunuliwa na mapadri wa huko zamani, na kwa hiyo kijana huyo ana asili ya utumwa na si kufu wa binti aliyezaliwa katika ukoo wa waungwana. Walii ametoa na kitabu. Amesema madhehebu ya Imamu Shafii (R.A.) yameweka uhuru kuwa miongoni mwa sifa za kufu.

Ndugu msomaji, kitabu alichokitaja kipo na hukmu hiyo imo. Hatuwezi kumjibu walii huyu kwa kumwambia kuwa amezua. Lakini hukmu ya fiqhi hushuka juu ya tukio, na asiyelijua tukio hawezi kujua kama hukmu inalihusu. Basi kabla ya kumjibu ni lazima tujue watoto hao wa Karema walikuwa ni nani, nani aliwateka, nani aliwanunua na kwa nini. Jambo hili litatupeleka mbali kidogo, mpaka Aljeri, mji wa bandari ulioko pwani ya kaskazini ya Afrika, kwa sababu Karema ya mapadri ni mtoto wa Aljeri ya Wafaransa.

Wafaransa waliingia Aljeri tarehe 5 Julai 1830. Katika mapatano ya kusalimu amri waliahidi kuwa dini ya wenyeji na mali zao hazitaguswa. Ahadi hiyo haikumaliza hata miezi mitatu. Mwezi Septemba wa mwaka huo huo ikatoka amri ya kuziweka mali za wakfu chini ya serikali ya Kifaransa. Wasomaji wetu maimamu watafahamu mara moja maana yake. Katika mji ule msikiti, madrasa, kisima, sadaka ya mafakiri na posho ya mwalimu vyote vilikuwa vikiendeshwa kwa mapato ya wakfu. Ukichukua wakfu hukuchukua majengo tu, umeikata mishipa ya jamii nzima. Karibu na bandari misikiti na nyumba zikabomolewa ili kupata uwanja wa kijeshi. Msikiti wa Ketchawa ukageuzwa kanisa mwaka 1832, na haukurudi kuwa msikiti ila mwaka 1962, Algeria ilipopata uhuru. Watu wengi wenye elimu na uwezo wakahama, wengine wakaenda Tunis, Morocco na Sham. Mahali pao wakaja walowezi kutoka Ufaransa, Hispania, Italia na Malta.

Mwaka 1867 Charles Lavigerie akawa Askofu Mkuu wa Aljeri. Alikuta nchi imo katika ukame, nzige, kipindupindu na njaa kubwa. Watoto mayatima wa Kiislamu walizagaa njiani, naye akawakusanya kwa mamia. Aliwalisha, na hilo hatulikanushi. Alikusudia pia kuwalea katika Ukristo, na hilo yeye mwenyewe hakulificha, hata akagombana na Gavana MacMahon aliyeogopa kuwa Waislamu wataasi. Mwaka 1868 akaanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao sisi tunawajua kwa jina la Mapadri Weupe. Jina hilo limetokana na vazi lao: kanzu nyeupe, joho na tarbushi nyekundu, mavazi ya Waislamu wa Algeria, na rozari shingoni mfano wa tasbihi za mashekhe wa huko. Wazee wa Mpanda na Sumbawanga waliowaona mapadri hao wakadhani kanzu ile ni desturi ya Ulaya, basi wajue kuwa ilitoka mitaa ya Aljeri.

Mwaka 1878 Papa aliwakabidhi shirika hilo maeneo ya maziwa makuu. Msafara wao wa kwanza ukapita Bagamoyo na Tabora. Hapo wakagawanyika, baadhi wakaenda Ziwa Viktoria na baadhi wakafika Ujiji mwezi Januari 1879.

Sasa tuje Karema penyewe. Mahali hapa pako katika nchi ya Wabende, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, magharibi ya Mpanda. Si mapadri walioanza kujenga hapo. Mwezi Agosti 1879 alifika Kapteni Cambier, Mbelgiji, aliyetumwa na Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika iliyoasisiwa na Mfalme Leopold wa Pili mjini Brussels mwaka 1876. Alijenga boma juu ya kilima kilicho jirani na maji. Wakati ule ziwa lilikuwa limejaa kupita kiasi. Miaka hiyo hiyo maji yakapasua njia ya mto Lukuga upande wa Kongo, na ziwa likaanza kupungua mwaka hata mwaka, mpaka boma lililojengwa liwe bandari likabaki limetazamana na nchi kavu. Tunalitaja hili kwa kuwa wageni wengi wanaoliona jengo la zamani hushangaa ni bandari gani iliyojengwa mbali na maji. Bandari ya kisasa iliyojengwa na Serikali mwanzoni mwa miaka ya 2020 ni jambo jingine.

Ni nani waliokaa ndani ya boma hilo? Wazungu walikuwa wachache mno, na walikufa ovyo. Kapteni Ramaeckers alifia hapo mwaka 1882. Waingereza wawili waliokuwa katika utumishi wa Leopold, Carter na Cadenhead, waliuawa mwaka 1880 huko Mpimbwe walipokuwa wakirudi pwani, baada ya kuleta tembo wa kutoka India kujaribu kama wanaweza kubeba mizigo badala ya wapagazi. Tembo wa mwisho naye alikufa Karema. Idadi kubwa ya wakazi wa boma walikuwa askari na watumishi walioajiriwa Unguja, wale waliojiita Wangwana, pamoja na wapagazi wa Kinyamwezi. Wangwana hawa walikuwa Waislamu. Kiswahili kilikuwa lugha ya boma. Kwa hiyo mwenye kudai kuwa Uislamu ulifika Karema baada ya kanisa, au kuwa Karema ilianza kama mji wa Wakristo, hajaisoma historia hii vizuri. Boma lile lililinunuliwa kwa fedha ya Brussels, lakini mikono iliyolijenga na kulilinda ilikuwa ya watu wa pwani na wa Unyamwezi.

Mwaka 1885 Leopold alipata nchi ya Kongo katika Mkutano wa Berlin, akaona Karema, iliyoko ng'ambo ya pili, haimfai tena. Akawakabidhi Mapadri Weupe boma la Karema pamoja na lile la Mpala upande wa Kongo. Ndipo mji ukawa wa Wafaransa kwa watu wake, ingawa hapakuwahi kupandishwa bendera ya serikali ya Ufaransa. Wajerumani nao walikuwa wameshaanza kudai bara hili, lakini kwa miaka mingi hawakuonekana pembeni mwa ziwa. Ofisi yao ya Ujiji ilikuja mwaka 1896, na Kasanga, waliyoiita Bismarckburg, mwaka 1898. Katika pengo hilo mapadri ndio waliokuwa dola. Walikata kesi, walitoa viwanja, walikusanya bunduki. Lavigerie aliota ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika, na Kapteni Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, alikuja mwaka 1887 akawaongoza wanamgambo wa misheni upande wa Mpala.

Mji huo ulijazwa na nani? Hapa ndipo tunapofika kwa bibi wa kijana wetu.

Mapadri walinunua watoto. Waliwanunua kwa vitambaa vya amerikani na kaniki na kwa shanga, kutoka kwa misafara na wachuuzi wa ziwani, wengi wao wakiwa wametoka ng'ambo. Wao waliita jambo hilo ukombozi. Watoto waliwekwa katika nyumba ya mayatima, wakafundishwa dini ya Kikristo, wakalima mashamba ya misheni. Walipokua waliozeshwa wao kwa wao, wakapewa viwanja kandokando ya boma. Hivyo ndivyo vilivyozaliwa vijiji vya Wakristo wa mwanzo. Waliongezeka pia watu wazima waliokimbilia hapo kwa kuogopa vita, kwani baada ya kufa Mirambo mwishoni mwa mwaka 1884 magenge ya rugaruga hayakutulia.

Mfano mashuhuri zaidi wa wakombolewa hawa hakutoka ziwani. Ni Adrian Atiman, aliyezaliwa yapata mwaka 1866 jirani na Timbuktu. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa Sahara, akanunuliwa na mapadri huko Algeria. Wakampeleka Malta kusomea uganga. Mwaka 1889 akafika Karema, akaoa binti wa ukoo wa kitawala wa Wabende, akatibu watu wa dini zote mpaka alipofariki mwaka 1956. Mwanawe, Yosefu, akawa padri mwaka 1923. Huyu mtu aliteseka mikononi mwa watekaji, akalipa kwa kuwatibu watu kwa miaka sitini na zaidi. Hatuoni haya kumtaja kwa wema.

Swali linalofuata ni zito, nalo ndilo linalowagawa watu katika baraza za Mpanda. Ni nani aliyewateka watoto hawa? Wako wanaosema, "Waarabu, yaani Waislamu," na kwao historia ya Karema ni hadithi fupi: Waislamu waliteka, mapadri wakakomboa. Wako pia ndugu zetu wanaosema kuwa hayo yote ni uzushi wa wamisionari na hakuna Muislamu aliyehusika. Sisi tunaona kuwa kauli zote mbili hazisimami.

Tutumie njia ya mafakihi katika kupima ushahidi. Kwa Mashafii ushahidi wa adui dhidi ya adui yake haukubaliwi. Lakini ikrari, yaani mtu kukiri dhidi ya nafsi yake, ni hoja yenye nguvu kuliko zote. Shajara ambazo Lavigerie aliamuru ziandikwe kila siku katika kila kituo ni maneno ya hasimu zinapowasema Waislamu, basi tuzichukue kwa hadhari. Zinapokiri kuwa mapadri walilipa bei na kuwashika watoto katika misheni, hiyo ni ikrari. Na kwa upande wetu tunayo ikrari ya Hamed bin Muhammad al-Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyeandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, yakachapishwa mwanzoni mwa karne ya ishirini. Anasimulia vita vyake na mateka wake bila kificho. Muhammad bin Khalfan al-Barwani, Rumaliza, mtu wa Lindi aliyetawala Ujiji baada ya kufa Mwinyi Kheri mwaka 1885, alipigana ziwani mpaka miaka ya 1893 na 1894, na mateka walikuwa sehemu ya vita hivyo. Kukanusha haya ni kukanusha jua.

Lakini pia haikuwa kazi ya Waislamu peke yao. Rugaruga wa Mirambo hawakuwa jeshi la Kiislamu. Watemi wengi waliuza watu wa majirani zao, na wengine waliuza jamaa zao wenyewe kwa njaa au kwa deni. Naye Luteni Storms, Mbelgiji aliyesimamia Karema na Mpala kwa jina la kupinga utumwa, ndiye aliyetuma watu wakamuua Lusinga, mkuu wa Watabwa, Disemba 1884. Kichwa cha Lusinga kikapelekwa Ubelgiji. Ziwa lile lilikuwa na wakosaji wa kila rangi.

Sasa turejee kwa walii wa Litapunga na kitabu chake. Ni kweli kuwa Mashafii wamehesabu uhuru katika kufu: mtumwa au aliyeachwa huru si kufu wa mwanamke aliyezaliwa huru. Baadhi yao wameendelea mpaka kwa yule ambaye baba yake aliguswa na utumwa. Walii amesoma mpaka hapo akafunga kitabu. Laiti angefungua milango mingine ya kitabu hicho hicho.

Utumwa katika sharia hauthibiti kwa mtu kushikwa na kufungwa kamba. Maulamaa hawakuuthibitisha ila kwa njia zenye masharti, yaani mateka wa vita halali vinavyosimamiwa na kiongozi wa Waislamu baada ya ulinganio, au aliyezaliwa na mama aliye mtumwa. Kumuuza mtu huru ni batili na ni katika madhambi makubwa. Katika Sahihi ya Imamu Bukhari imepokewa kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) hadithi qudsi inayomtaja mwenye kumuuza mtu huru akala thamani yake kuwa ni miongoni mwa watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Na katika mlango wa mtoto wa kuokotwa, Ibn al-Mundhir amenukuu ijmai kuwa mtoto huyo ni huru, kwa sababu asili ya mwanadamu ni uhuru.

Wala hili si jambo lililozuliwa na watu wa zama hizi kwa kuona haya mbele ya Wazungu. Ahmad Baba wa Timbuktu, mji jirani na alikozaliwa Atiman, aliulizwa suala hili kutoka Tuwat, akaandika jawabu lake mwaka 1615, akiwakemea wanaochukua watu weusi kwa jumla bila kuangalia hali zao na akieleza kuwa rangi si sababu ya utumwa. Mwaka 1846 Ahmad Bey wa Tunis alipiga marufuku utumwa katika nchi yake akiungwa mkono na mamufti wa Kihanafi na wa Kimaliki, miaka miwili kabla ya Ufaransa kuufuta katika makoloni yake. Na mwanahistoria wa Morocco, an-Nasiri, katika karne ya kumi na tisa alishikilia kuwa uhuru ndio asili, na kauli ya mchuuzi kuwa amempata mtu kwa njia ya halali haitoshi.

Tupime mateka wa Karema kwa mizani hiyo. Watoto hao waliingia misheni kuanzia mwaka 1885. Walitekwa na rugaruga, au katika vita vya pembe za ndovu, au waliuzwa na jamaa. Hapakuwa na imamu aliyetangaza jihadi, hapakuwa na ulinganio, hapakuwa na mgao wa ngawira. Zaidi ya hayo, Sultani Barghash bin Said, ambaye wafanyabiashara wa Ujiji walipeperusha bendera yake, alikwisha kupiga marufuku misafara ya watumwa ya bara mwaka 1876. Mfanyabiashara aliyeendelea baada ya hapo alimuasi mtawala wake katika jambo la haki.

Kuna anayeweza kusema kuwa watu wa bara walikuwa makafiri, na kafiri harbi damu na mali yake havina kinga. Tunamjibu kuwa vita huwepo baina ya pande mbili zinazojuana kuwa ni maadui. Mtoto wa Kitabwa aliyenyakuliwa kisimani hajawahi kusikia ulinganio wala kumpiga vita Muislamu. Na palipo na shaka, hurejewa asili, nayo ni uhuru.

Ikithibiti hivyo, bibi yule hakuwa mtumwa kisharia hata siku moja. Alikuwa mtoto huru aliyedhulumiwa. Vitambaa walivyolipa mapadri havikumfanya kuwa mtumwa wao, na wala hawakumwacha huru, kwa sababu hakuwa na utumwa wa kuachwa. Sifa ambayo walii anaitafuta kwa kijana haipo, na mlango wa kufu alioutaja haumhusu.

Tena, hata kama angekuwa ameguswa na utumwa wa kweli, bado walii asingekuwa na haki ya kufunga mjadala. Imamu Malik (R.A.) ameweka kufu katika dini na hali ya mtu. Mashafii wenyewe wamesema kufu ni haki ya mwanamke na mawalii wake, wakiridhia waiache na nikaha inasihi. Na tukumbuke kisa cha Zaid bin Haritha (R.A.). Alizaliwa huru, akatekwa akiwa mtoto na washambulizi, akauzwa sokoni Ukadh. Baba yake alipomfuata Makka kumkomboa, Mtume (S.A.W.) alimpa Zaid hiari, naye akachagua kubaki. Mtoto huyo wa kutekwa aliozwa Zainab bint Jahsh (R.A.), binti wa shangazi yake Mtume. Kisha mwanawe, Usama, Mtume (S.A.W.) alimuelekeza Fatima bint Qais, mwanamke wa Kikuraishi, aolewe naye, na kwanza hakupenda, akatii, akaona kheri katika ndoa hiyo.

Kwa hiyo jawabu letu kwa imamu aliyetuletea suala ni hili. Amwite walii pamoja na wazee wawili watatu wenye busara, amsomee mlango wa mtoto wa kuokotwa kabla ya mlango wa kufu. Akikubali, alhamdulillahi. Akiendelea kukataa ilhali binti amebaleghe, ana akili na ameridhia mtu aliye kufu wake, basi huko ni kumzuilia, yaani adhli, na katika hali hiyo uwalii wa kuozesha kwa Mashafii huhamia kwa kadhi. Suala lipelekwe kwa kadhi wa mkoa na barua ya posa iambatanishwe. Kijana asitakiwe kuleta ushahidi wowote juu ya bibi yake. Anayedai utumwa ndiye mwenye jukumu la kuuthibitisha, naye baba mdogo hana shahidi.